Dk. Burkitt, daktari wa jicho moja aliyekisifu chakula cha wanyonge

Ndugu zetu waliokulia Uganda kabla ya kurejea nyumbani wanaifahamu Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko ndiko alikofanya kazi Dk. Denis Burkitt, mpasuaji ambaye jina lake lilipewa saratani ya watoto inayovimbisha taya. Lisilojulikana sana ni kwamba miaka yake ya mwisho aliitumia kuzungumzia maharage, viazi na choo.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi huko Dublin, akauacha, akahitimu udaktari mwaka 1935. Alipoomba kazi katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Alilitumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili, kisha mwaka 1946 akapelekwa Uganda, kwanza Lira na baadaye Mulago.

Mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya aliowaona hapo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka kilometa zipatazo 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Ikaonekana kuwa ugonjwa huo ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi, zikiwemo Rwanda na Burundi.

Tangu hapo akawa na mazoea ya kuuliza ugonjwa uko wapi na wapi haupo. Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikuta wodi zimejaa wagonjwa wa kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana, maradhi ambayo Uganda aliyaona kwa nadra. Dk. Peter Cleave, aliyekuwa tabibu wa jeshi la majini, alikwisha kulaumu sukari na unga mweupe. Burkitt akalichukua wazo hilo na kulielekeza kwenye nyuzinyuzi, yaani makapi ya nafaka, maharage na mboga ambayo viwanda huyaondoa.

Ushahidi wake uliwachekesha wengi, kwani alipima choo. Watu walimeza vidonge vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha choo chao kikapimwa uzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Mwanakijiji wa Uganda alitoa karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa siku moja na nusu. Baharia wa Uingereza alitoa karibu gramu 100, tena baada ya zaidi ya siku tatu.

Wapo waliosema alizidisha, nao walikuwa na hoja. Mwanakijiji yule pia alilima na kutembea kwa miguu, na wengi hawakufikia umri wa kuugua saratani hizo. Lakini tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa walaji wa nyuzinyuzi nyingi hupata kwa uchache saratani ya utumbo mpana, kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo. Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Kwa mama anayehesabu faranga zake Kimironko au Nyabugogo, habari hii si ya Wazungu tu. Mkate mweupe na soda vinaonekana kama maendeleo, hasa kwa mfanyabiashara anayeshinda mpakani, wakati maharage, viazi vitamu, dodo na isombe ndivyo alivyotaka matajiri wavirudie. Maharage yakilowekwa usiku kucha hupunguza hata makaa.

Hata hivyo, nyuzinyuzi pekee hazilei mtoto. Hapo hapo Mulago, Dk. Hugh Trowell, ambaye baadaye alishirikiana na Burkitt, alihangaika miaka mingi na watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele kwa kwashakoo, wengi wao wakiwa wameachishwa ziwa na kupewa ndizi au mizizi mitupu. Kitabu chake na wenzake kuhusu ugonjwa huo kilitoka mwaka 1954. Tumbo la mtoto ni dogo, hushiba kabla hajapata vya kutosha. Ndiyo maana sufuria ile ile ya viazi inahitaji maharage yaliyopondwa, karanga, au konzi ya sambaza wa Kivu waliosagwa, na apewe mara kadhaa kwa siku badala ya kungoja chakula cha wakubwa jioni.