Alfonsina Strada, mwanamke mwenye nambari 72

Tarehe 10 mwezi wa tano mwaka wa 1924, ku mji wa Milan inchini Italia, wakimbiaji 90 wa kinga walijipanga kwa kuanza Giro, mashindano makubwa ya kuzunguka inchi ile yote. Mmoja wao, mwenye kuvaa nambari 72, alikuwa mwanamke. Kwenye orodha ya majina waliandika Alfonsin, bila ile "a" ya mwisho, na watu mingi waliosoma waliwaza ni mwanaume. Jina lake la kweli ni Alfonsina Strada. Alikuwa na miaka 33, na hakufika pale kwa kujionyesha. Kinga ilikuwa kazi yake, na nyumbani makuta yalikuwa yanahitajika.

Turudi nyuma kidogo. Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tatu 1891 karibu na Castelfranco Emilia, upande wa Modena. Jina la kwao ni Morini. Wazazi walikuwa wakulima wasio na kitu, na watoto walijaa ndani ya nyumba. Alipokuwa na miaka kama 10, baba yake alileta kinga moja ya zamani, na inasimuliwa kwamba aliipata kwa kubadilisha na kuku. Baba alikuwa anawaza kazi zake mwenyewe, lakini ni huyu binti ndiye aliyeishika na hakuiachia tena. Siku ya Mungu alikuwa anaaga kama vile anaenda misa, kumbe anaenda kushindana. Kati ya zawadi zake za kwanza kulikuwa nguruwe mzima. Katika nyumba yenye njaa, nguruwe si kitu cha kuchekwa. Lakini watu wa kule walimwita shetani mwenye kuvaa sketi, na mama yake alitaka ashike sindano, ashone nguo, aolewe, atulie.

Kuolewa, aliolewa, tena na miaka 14 tu. Kwa macho ya leo ni mtoto bado. Lakini bwana wake, Luigi Strada, hakukuwa mtu wa kumfungia ndani. Siku ya ndoa alimpa zawadi ya kinga mpya ya mashindano. Wakahamia Milan, na Luigi akakuwa mwenye kumfanyisha mazoezi. Mwaka wa 1911, pale Moncalieri karibu na Turin, Alfonsina alitembeza kinga zaidi ya kilometa 37 ndani ya saa moja. Inasimuliwa kuwa rekodi ya wanawake, hata kama hesabu ile haikuandikwa rasmi, juu wakati ule wakubwa wa mchezo hawakuwa na kitabu cha kuandika wanawake.

Akaanza kushindana na wanaume. Mwaka wa 1917 na 1918, vita ikiwa imechukua vijana wengi, walimkubalia kukimbia Giro ya Lombardia, mashindano ya siku moja. Mara ya kwanza alifika kati ya wa mwisho, saa moja na nusu nyuma ya Mbelgiji Philippe Thys aliyeshinda. Mwaka uliofuata alikuwa wa 21, dakika kama 23 tu nyuma ya mshindi, Gaetano Belloni. Tusisahau wale wanaume waliochoka njiani siku ile wakarudi kwao.

Sasa tuje ku ule mwaka wa 1924. Mabingwa wakubwa wa Italia waliomba walipwe vizuri zaidi. Waandaaji, yaani gazeti La Gazzetta dello Sport, wakakataa, na ekipi kubwa zikabaki nyumbani. Mashindano bila majina makubwa, ni nani ataenda kusimama barabarani kuyaona? Ndipo mkurugenzi wa gazeti, Emilio Colombo, akafungulia mlango mtu yeyote mwenye nguvu, kwa ahadi ya chakula na fasi ya kulala. Alfonsina akapita ndani ya mlango huo. Tuseme wazi: hawakumuita kwa kupenda haki ya wanawake. Walikuwa na lazima ya kuuza gazeti. Na yeye alikuwa na sababu yake, juu Luigi alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa akili na kulazwa hospitali, na malipo yote yalikuwa juu ya bibi yake.

Safari ilikuwa kilometa 3,613 ndani ya hatua 12. Barabara za wakati ule zilikuwa mawe na vumbi, na mvua ikinyesha, matope. Hiyo sisi tunaijua bila kuelezwa. Siku za kwanza Alfonsina alifika nyuma lakini ndani ya wakati uliowekwa, akiacha wanaume kadhaa mgongoni. Kila mji watu walimiminika kumuona yeye kuliko wale wa mbele.

Mambo yaliharibika kati ya L'Aquila na Perugia, karibu kilometa 300. Upepo na mvua vilimuangusha mara kwa mara, na gidoni ya kinga yake ikavunjika. Inasimuliwa kwamba alitengeneza nyingine kwa kipande cha mti wa ufagio, akaendelea vile vile. Alifika Perugia usiku, wakati umeisha. Waamuzi wakabishana. Sheria ilisema aondolewe, lakini Colombo alijua wasomaji wake wanamtaka nani. Mwishoni wakakata hivi: ataendelea kukimbia, lakini hatahesabiwa. Colombo akamlipia malazi.

Ni hapa mimi namuheshimu kuliko fasi nyingine yote. Mtu ambaye jina lake halitaandikwa tena, angeweza kupanda gari-moshi na kurudi kwake. Yeye alipanda kinga. Hatua ya kwenda Fiume, mji ambao leo unaitwa Rijeka inchini Kroatia, ilikuwa kilometa 415. Alitumia kama saa 21, alifika amejaa vidonda, analia kwa maumivu, na watu wakamnyanyua juu. Alifika hata Milan. Giuseppe Enrici alishinda, na kati ya wale 90 ni 30 tu waliohesabiwa mwishoni. Yeye hayumo. Lakini mchango wa watu pamoja na zawadi ulifika kama lira 50,000, na hospitali ya Luigi ikalipwa.

Mwaka wa 1925 mabingwa walirudi, na Alfonsina alipoomba tena, walimkatalia. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kukimbia Giro ya wanaume. Aliendelea kutafuta kula kwa kinga, kwenye mashindano ya huku na kule Ulaya, hata kwenye sarakasi. Nyuma ya kifo cha Luigi aliolewa mwaka wa 1950 na Carlo Messori, aliyekuwa naye mkimbiaji, na wakafungua ku Milan duka la kuuza na kutengeneza kinga. Mashindano ya dunia ya wanawake barabarani yalianza mwaka wa 1958, yeye akiwa na miaka 67. Giro ya wanawake ilingoja 1988.

Tarehe 13 mwezi wa tisa 1959, akiwa mjane mara ya pili, alienda na pikipiki yake kubwa ya Moto Guzzi kutazama mashindano ya kinga upande wa Varese. Mangaribi, akiisha kurudi Milan, pikipiki ilikataa kuwaka. Akasukuma kwa mguu, ikamuelemea, akaanguka nayo. Alikufa kabla ya kutibiwa. Kinga yake moja iko mpaka leo kwenye kanisa la Madonna del Ghisallo, kule juu ya ziwa Como, pamoja na zile za mabingwa wanaume.