CECIL KIMBER: ALIYEIVIKA MORRIS VAZI JIPYA

Huenda umepata kuliona gari dogo la Kiingereza, la watu wawili, lisilo na paa, lenye herufi mbili, M na G, ndani ya alama ya pembe nane. Waliozoea magari huligeukia likipita. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyelianzisha, na ni wachache zaidi wajuao alivyolipwa kwa kazi yake.

Mtu huyo ni Cecil Kimber. Alizaliwa London tarehe 12 Aprili, 1888. Babake alikuwa katika biashara ya wino wa kupigia chapa, na jamaa hiyo baadaye ilihamia Manchester. Kijana alitarajiwa airithi kazi hiyo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye pikipiki.

MGUU ULIOVUNJIKA

Pikipiki hiyo ndiyo iliyomletea balaa. Aligongana na gari, mguu wake wa kulia ukavunjika vibaya. Alipasuliwa mara kadhaa, na alipopona mguu ulikuwa umekuwa mfupi kuliko mwenziwe. Kimber alichechemea hadi mwisho wa maisha yake.

Alilipwa fidia, na kwa fedha hizo akanunua gari dogo aina ya Singer. Babake alitaka fedha hizo zitiwe katika biashara ya nyumbani. Mwana alikataa. Yasimuliwa kuwa baada ya ugomvi huo wawili hao hawakusemezana tena. Hivyo kijana alikwenda zake akiwa na mguu mbovu na bila ya radhi ya mzazi, akafanya kazi katika kiwanda hiki na kile, na mahali pengine akapoteza fedha zake.

MWANZO WA MG

Mnamo mwaka wa 1921 aliajiriwa Oxford katika gereji za William Morris, zilizoitwa Morris Garages, awe msimamizi wa mauzo. Mwaka uliofuata alifanywa meneja. Herufi M na G zimetokana na jina la gereji hizo.

Magari ya Morris yalikuwa imara na ya bei nafuu, lakini hayakuwa na haiba. Kimber hakusomea uhandisi. Kipawa chake kilikuwa jicho. Aliitazama chesi ya Morris kama fundi cherehani atazamavyo kitambaa kizuri kilichoshonwa vibaya. Akazishusha springi ili gari likae chini zaidi, akaurekebisha usukani, kisha akawapa mafundi wa bodi kazi ya kuliunda umbo jipya. Mwaka 1923 aliagiza bodi sita za watu wawili kwa fundi Raworth wa Oxford. Mwaka 1924 yakatoka magari mengine, ubavu wake wa aluminiamu ukisuguliwa hadi ukang'aa, bila ya kupakwa rangi.

Mwaka 1925 alitengenezewa gari la mashindano, jembamba, lililovuliwa kila kisichohitajika. Wakati wa Pasaka aliliendesha mwenyewe katika safari ya majaribio ya kwenda Land's End, akapata medali ya dhahabu. Baadaye aliliuza kwa pauni 300. Miaka ilipopita, kampuni ililinunua tena kwa pauni 15 tu, likiwa limechakaa, likatengenezwa. Hata leo lingalipo katika jumba la makumbusho.

Gari lililomtajirisha jina lilikuja mwaka 1928, katika maonyesho ya Olympia, London. Liliitwa Midget, na bei yake ilikuwa pauni 175. Bodi lake lilikuwa la mbao zilizofunikwa kitambaa, na nyuma lilichongoka kama mashua. Kijana mwenye mshahara wa kadiri sasa aliweza kununua gari la spoti. Mwaka 1929 kiwanda kikahamia mji wa Abingdon. Mwaka 1933 MG aina ya K3 zilishinda katika daraja lao kule Italia katika mbio za Mille Miglia, na mwaka huo huo dereva hodari Nuvolari akashinda na K3 kule Ulster.

KUFUKUZWA

Lakini Kimber hakuwa mwenye mali. Mwaka 1935 Morris aliitia MG chini ya kampuni yake kubwa, na mbio zikapigwa marufuku. Vita vilipozuka, utengenezaji wa magari ulisimama. Kimber hakutaka mafundi wake wakae bure, akatafuta kazi ya kuunda sehemu za ndege za vita. Aliikubali bila ya idhini ya wakubwa. Mwaka 1941 aliambiwa aondoke. Kiwanda alichokilea tangu uchanga kikabaki, yeye akatolewa mlangoni.

Ajali haina kinga. Jumapili tarehe 4 Februari, 1945, Kimber alipanda gari la moshi katika stesheni ya King's Cross. Ndani ya tundu la reli magurudumu yaliteleza, treni ikarudi nyuma, na behewa la mwisho likaacha njia na kugonga nguzo za ishara. Walikufa watu wawili, mmoja wao Kimber, akiwa na umri wa miaka 56. Miezi michache tu baadaye MG aina ya TC ilitoka kiwandani, ikaunguruma hadi Marekani. Hakuiona.

KAZI YA WARITHI

Abingdon ilifungwa mwaka 1980, na jina la MG sasa limo mikononi mwa Wachina. Hata hivyo magari ya kale hayajafa, kwa kuwa wapo wanaoyafufua. Kazi hiyo si ya papara. Bodi la TC ni bati lililopigiliwa juu ya mbao, kama jahazi lenye mataruma. Maji yakiingia, ubao huoza chini, na mlango hulegea. Kupiga rangi juu ya ubao mbovu ni kujidanganya, kwani ni lazima bati livuliwe na taruma libadilishwe.

MGB, iliyoundwa kuanzia 1962 hadi 1980, ni ya chuma tupu. Nguvu zake zimo katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Fundi asiyejua hukata vya pande zote mbili kwa pamoja, gari likajikunja katikati, na milango isifunge tena. Fundi ajuaye hulifunga kwanza kwa vyuma, akakata upande mmoja, akapima nafasi ya mlango, ndipo akaugeukia wa pili.

Wako wanaotaka kila msumari uwe kama ulivyotoka Abingdon, na wako wanaopanua madigadi na kutia injini kubwa. Wa kwanza huwalaumu wa pili kuwa wanaiharibu amana. Lakini na wakumbuke kwamba MG ya kwanza yenyewe ilikuwa Morris iliyobadilishwa na mtu mwenye kuchechemea, aliyeona kuwa kitu kizuri chaweza kuwa kizuri zaidi.