Bushiri bin Salim wa Pangani

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilifanya mkutano juu ya mashujaa waliopigana na wageni zamani. Kila msemaji alisimama na shujaa wa kwao. Rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu, ambaye kwao ni Iringa, alimsema Mkwawa vizuri hata ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi ni mtoto wa Pangani, basi nikamtaja Bushiri. Sijamaliza, rafiki yangu huyo huyo akainuka akasema kwamba Bushiri hawezi kuhesabiwa pamoja na mashujaa wetu, maana alikuwa Mwarabu mwenye watumwa aliyekuwa akipigania mali yake, na tena vitabu vyenyewe vimeyaita mambo yale Maasi ya Waarabu. Watu wakacheka. Baba yangu ni Mzigua, na nyanya yangu mzaa mama ni wa ukoo wa Kishihiri. Nikatazama sakafu, nikaketi.

Usiku ule sikulala vizuri. Wakati wa likizo nilisoma kila nilichoweza kukipata, na mwalimu wetu wa Historia akanisaidia palipokuwa pagumu. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu ambalo sikuwa nalo siku ile.

Bushiri bin Salim alikuwa wa kabila la Al-Harthi, kabila la Omani. Baba yake alikuwa Mwarabu, na mama yake yasimuliwa kuwa alikuwa Muoromo. Basi tangu mwanzo, mtu tunayemwita Mwarabu kwa neno moja, upande wake mmoja ulikuwa wa Afrika. Katika ujana wake alisafiri bara kama walivyosafiri vijana wengi wa pwani, kisha akakaa Pangani, akawa na shamba la miwa karibu na mto. Na masultani wa Unguja hakuwa na mapenzi. Watu wa kabila lake walikuwa wamejaribu kumwondoa Sultani Majid mwaka 1859 wakashindwa, na chuki ile haikuisha.

Sitaki kuficha jambo ambalo rafiki yangu alilisema kweli. Miwa ya Pangani ililimwa na watumwa, nayo ya Bushiri vile vile. Ye yote anayemwandika kama malaika hajui sukari ile ilitoka wapi.

Lakini ni lazima mwujue mji wenyewe. Pangani ya siku zile ilikuwa bandari ya pembe za ndovu na sukari. Walikuwako Waswahili wenye majumbe wao, Wazigua na Wabondei wa vijiji vya karibu, Waarabu wa Omani, Washihiri, Mabulushi waliokuwa askari wa Sultani, Wahindi wenye maduka, na wapagazi kutoka bara waliokuja na misafara yao. Sisemi kwamba walipendana wote. Wengine walikuwa na madeni kwa wengine, wengine walikuwa watumwa wa wengine, na majumbe walinung'unika kwamba Waarabu wamewanyang'anya heshima yao. Walakini walinunua na kuuza katika soko moja na kugombana kwa lugha moja, na lugha hiyo ndiyo hii ninayoandikia.

Tarehe 28 Aprili, 1888, Sultani Khalifa bin Said alitia sahihi mkataba wa kuwapa Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, utawala wa pwani ya Mrima kwa miaka 50. Si serikali ya Ujerumani iliyopewa, bali kampani ya biashara. Watu wa Mrima hawakuulizwa neno. Mwezi wa Agosti maofisa wa kampani wakafika katika bandari na sheria mpya za kodi na za ardhi, wakataka bendera yao ipandishwe pamoja na ya Sultani.

Aliyekuja Pangani aliitwa Emil von Zelewski. Watu walimpa jina la Nyundo, na jina hilo naomba msomaji alikumbuke. Nyundo aligombana na liwali juu ya bendera na madaraka, kisha akaita manowari. Askari wa manowari wakashuka mjini katika siku za Idi Kubwa, wakati mji ulipokuwa umejaa wageni, wakaingia msikitini na viatu vyao pamoja na mbwa. Nimejaribu kufikiri jambo hili lingekuwaje kama lingetendeka katika msikiti wetu wa karibu na shule, au kanisani siku ya Pasaka. Sidhani kama ingehitajiwa biashara yo yote ya watumwa ili watu wakasirike.

Mwanzoni mwa Septemba watu wa Pangani waliwafungia Wadachi ndani ya nyumba yao. Jenerali Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi la Sultani, akaja kuwatoa na kuwapeleka Unguja. Hapa ndipo niliposhangaa. Bushiri siye aliyeanzisha. Walioanza walikuwa watu wa mji na wa vijiji: majumbe, vijana wa mitaani, Wazigua na wapagazi wenye bunduki. Waarabu kadhaa wenye mashamba walitaka mambo yatulie, maana vita huharibu miwa. Bushiri aliingia moto ukiwa umekwisha waka, akawa kiongozi kwa sababu alijua vita, na hakuogopa Sultani wala Wadachi.

Pwani yote ikawaka, kutoka Tanga mpaka Mikindani. Bwana Heri wa Saadani naye akasimama na watu wake wa Uzigua. Kufikia mwisho wa mwaka 1888 Wadachi walibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, na hapo walikaa kwa nguvu za mizinga ya manowari.

Matendo ya Bushiri katika miezi hiyo hayalingani, na mimi nayaandika yote. Aliwakamata wasafiri wawili wa Kizungu, Hans Meyer na Oscar Baumann, akawatia minyororo, kisha akawaachilia kwa fidia kubwa ya rupia. Meyer ndiye yule aliyefika kileleni Kilimanjaro mwaka uliofuata. Huko Bagamoyo Bushiri aliiheshimu misheni ya mapadre Wafaransa, na maelfu ya watu wasio na hatia walikimbilia huko wakasalimika. Lakini Januari 1889 wapiganaji wa upande wake waliishambulia misheni ya Pugu, wakaua wamisionari na kuwachukua wengine mateka. Baadaye tena, aliposhindwa, alileta Mafiti kutoka bara, nao wakapora vijiji vya Wazaramo ambao hawakuwa na kosa lo lote. Wazaramo wale wasingeniunga mkono katika mdahalo.

Sasa nije kwenye lile jina. Kule Ujerumani, Bismarck alikuwa na shida. Kampani ilikuwa imeshindwa, naye alihitaji fedha za serikali kuiokoa, lakini wabunge wengi hawakutaka kulipia hasara za wafanya biashara. Wakati ule ule Wakristo wa Ulaya walikuwa wamechomwa moyo na habari za biashara ya watumwa. Basi vita vya Mrima vikaelezwa kuwa ni maasi ya Waarabu wauza watumwa, na Januari 1889 bunge likatoa maki milioni 2 za kukomesha biashara hiyo na kulinda mali ya Wadachi. Hivyo jina lilipatikana kabla ya jeshi, nalo ndilo lililoleta jeshi. Ndani ya jina hilo Wazigua, Waswahili, Wabondei na wapagazi hawamo. Hata watumwa na watoro waliobeba bunduki upande wa Bushiri hawamo, ingawa ndio waliosemwa kuwa wanaokolewa.

Nikauliza, je, baada ya kushinda, Wadachi waliwaacha huru watumwa? La. Waliikataza biashara, lakini utumwa wenyewe uliendelea katika sheria zao. Amri yao ya kwamba watoto wawe huru iliwahusu waliozaliwa baada ya mwaka 1905. Utumwa ulikomeshwa kabisa kwa sheria mwaka 1922, Wadachi walipokuwa wamekwisha ondoka.

Aliyepewa jeshi ni Hermann Wissmann. Alikwenda Misri akaandika Wasudani karibu 600, na kutoka Msumbiji ya Wareno akaleta watu ambao Wadachi waliwaita Wazulu. Walikuwapo pia Waarabu waliokuwa upande wake, na wengine aliwafanya maliwali. Kwa hiyo ukitazama majeshi yote mawili, kila moja lilikuwa mchanganyiko kama bweni letu.

Tarehe 8 Mei, 1889, Wissmann aliivamia boma ya Bushiri karibu na Bagamoyo, na watu zaidi ya 100 wakafa ndani yake. Bushiri aliponyoka. Saadani ikaanguka, kisha Pangani mwezi wa Julai. Akaenda mpaka Mpwapwa akaiharibu stesheni ya Wadachi huko, akarudi na wale Mafiti niliowataja, akapigwa tena mwezi wa Oktoba. Watu walimwacha mmoja mmoja. Mwisho alikuwa akizunguka katika nchi ya Uzigua bila jeshi, na jumbe mmoja wa huko aliyeitwa Magaya akamkamata na kumtoa kwa Wadachi. Mimi ni Mzigua, na kuliandika jambo hili si rahisi. Bwana Heri, ambaye watu wake ni Wazigua hao hao, aliendelea kupigana mpaka mwaka 1890. Tarehe 15 Desemba, 1889, Bushiri alinyongwa Pangani, mji ule ule ambao Nyundo aliupandishia bendera.

Ukishinda vita huweza pia kusimamisha sanamu. Mwaka 1909 Wadachi walisimamisha sanamu ya Wissmann Dar es Salaam, naye amesimama juu, na askari Mwafrika chini yake akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa na kuipeleka kwao Uingereza, na mwaka 1927 wakaweka hapo sanamu ya askari peke yake, ile tunayoizunguka kila tukishuka mjini, kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita vyao wenyewe. Mahali ni pale pale. Aliyekumbukwa akawa mwingine, kwa sababu mshindi alikuwa mwingine. Sanamu ya Wissmann haikuwa imekufa. Ilirudi Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, ikakaa huko mpaka wanafunzi walipoiangusha katika miaka ya 1967 na 1968. Na mwaka 2021 mtaa mmoja wa Berlin uliokuwa na jina la Wissmann ulipewa jina la Lucy Lameck, mama yetu wa siasa kutoka Moshi. Mwalimu aliponiambia hili sikuamini mpaka aliponionyesha.

Walioshindwa hawakuwa na sanamu, ila walikuwa na watunga tenzi. Hemedi bin Abdallah wa upande wa Tanga alitunga utenzi mrefu wa vita vile wakati watu waliovipigana wangali hai, nao ulichapishwa katika miaka ya 1950. Humo Mrima ndiyo inayosema, si kampani. Hata hivyo sisi wenyewe hatujaponea kwa majina, maana tumezoea kuviita Vita vya Bushiri, tukamfanya mtu mmoja kuwa pwani nzima. Nilipomwuliza nyanya yangu juu ya Bushiri, alichojua zaidi ni kwamba wazee walimwogopa kidogo. Nadhani naye ana haki yake.

Limebaki jina la Nyundo. Baada ya vita vya pwani Zelewski alikuwa mkubwa wa jeshi la Wadachi, na mwaka 1891 akaenda na majeshi yake Uhehe. Tarehe 17 Agosti watu wa Mkwawa walimwotea Lugalo, wakamwua pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Kaburi la yule aliyeingiza buti katika msikiti wa Pangani lilichimbwa na Wahehe.

Hili nililisoma siku ya mwisho ya likizo. Niliporudi shuleni, taa zilipozimwa, nilimwita rafiki yangu wa kitanda cha juu nikamwambia habari ya Nyundo tangu mwanzo. Alikaa kimya kitambo, nikafikiri amelala. Kisha akashuka, akakaa kwenye kitanda changu, akataka nimweleze tena hasa ile sehemu ya msikitini. Sasa daftari langu analo yeye, naye ameahidi kuandika habari za Lugalo katika toleo la muhula ujao.