Parsons: Mhandisi aliyetuliza ghadhabu ya mvuke

WENGI wawashao taa majumbani mwao hawalijui jina la Charles Algernon Parsons. Hata hivyo, sehemu kubwa ya umeme wa dunia ingali inazalishwa kwa mitambo iliyotokana na ule alioubuni mwaka 1884: tabaini, yaani mhimili wenye safu nyingi za mapanga madogo unaozungushwa na mvuke.

Parsons alizaliwa London mnamo Juni 13, 1854, akiwa kitindamimba wa Earl wa Rosse. Alilelewa katika kasri la Birr, nchini Ireland, ambako babake alikuwa amejenga darubini kubwa kuliko zote za zama zile. Watoto wa kasri hilo hawakupelekwa shuleni, bali walifundishwa nyumbani na wataalamu wa hisabati na sayansi, na karakana ya baba yao ikawa uwanja wao wa michezo.

Mapema mno mvuke ulimwonyesha ukali wake. Agosti 31, 1869, Mary Ward, mwanasayansi aliyekuwa binamu wa familia, alianguka kutoka kwenye gari la mvuke lililoundwa na jamaa hiyo, akakanyagwa na gurudumu na kufa. Parsons, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alikuwa miongoni mwa abiria.

Alisomea Dublin na kisha Cambridge, ambako mwaka 1877 aliibuka wa 11 katika mtihani mkuu wa hisabati. Badala ya kustarehe kama wana wengi wa makabaila, alijiunga na kiwanda kimoja cha Newcastle kama mwanagenzi.

Injini za mvuke za wakati huo zilifanya kazi kwa pistoni zilizopanda na kushuka. Zilitikisika sana, na mwendo wake ulikuwa wa polepole kwa jenereta za umeme. Wavumbuzi walitamani mvuke uzungushe gurudumu moja kwa moja, lakini mvuke ukiachiliwa kwa mkupuo hutoka kwa kasi ambayo gurudumu haliwezi kuistahimili.

Parsons aliigawanya nguvu hiyo. Aliupitisha mvuke katika safu nyingi za mapanga, kila safu ikiupunguzia shinikizo kidogo tu. Hata hivyo, mtambo wake wa kwanza, wa kilowati 7.5, ulizunguka mara 18,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, mhimili uliopinda japo kwa unywele ungejitikisa hadi uvunjike. Dawa yake ilikuwa beringi zilizozungukwa na pete na mafuta, ambazo ziliuachia mhimili nafasi ya kujitafutia mizani huku zikizima mtikisiko.

Vali ya kuingizia mvuke nayo aliitafutia mbinu. Katika mitambo yake mingi, vali ilifunguka na kufungika bila kukoma, ikipitisha mvuke kwa mafungu. Mzigo wa umeme ulipozidi, kila fungu lilirefushwa. Nayo vali, kwa kuwa ilikuwa daima mwendoni, haikukwama kwa urahisi.

Mwaka 1889 alitengana na washirika wake wa kibiashara, na haki za uvumbuzi wake zikabaki mikononi mwao. Alianzisha kampuni yake mtaani Heaton, Newcastle, akalazimika kubuni tabaini ya aina nyingine hadi alipozipata tena haki hizo mwaka 1894.

Kisha aligeukia bahari. Mashua yake, Turbinia, ilimvunja moyo katika majaribio ya kwanza, kwa kuwa rafadha ilizunguka kwa kasi hata ikaacha mapovu matupu majini badala ya kuyasukuma maji. Parsons aliichunguza hali hiyo katika tangi dogo, kisha akagawanya kazi kwa mihimili 3 yenye rafadha 9. Juni 26, 1897, katika gwaride la wanamaji la kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Turbinia ilipita katikati ya manowari kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na hakuna chombo kilichoweza kuifikia.

Mwaka 1901 ulileta msiba. Manowari mbili za kwanza zenye tabaini, Viper na Cobra, zilipotea. Cobra ilikatika vipande viwili na zaidi ya watu 60 wakaangamia. Tabaini hazikuwa chanzo, lakini sifa zake zilitiwa doa. Imani ilirejea manowari ya Dreadnought ilipozinduliwa mwaka 1906, ikafuatwa na meli za abiria Lusitania na Mauretania mwaka 1907.

Mwanawe wa pekee wa kiume aliuawa vitani mwaka 1918. Mwaka uliofuata, mkewe Katharine na binti yao Rachel walikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha wahandisi wanawake Uingereza. Parsons mwenyewe alifariki Februari 11, 1931, akiwa melini katika bandari ya Kingston, Jamaica.

Kazi aliyoianza haijaisha. Vali ikiwa wazi kidogo tu, mvuke hupenya kwa kasi kubwa, hubanduka kutoka kwenye kuta na kuyumbayumba, na huweza kulitikisa shina la vali hadi livunjike. Siku hizi wahandisi huiga mkondo huo kwa kompyuta kabla ya chuma kuchongwa. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981, vali ndiyo lango la mvuke kabla haujayafikia mapanga.