Marehemu Walter Reuther na Kazi za Detroit
Walter Reuther alizaliwa Marekani mwaka 1907. Mwaka 1937 alipigwa vibaya mlangoni mwa kiwanda cha Ford kwa ajili ya chama cha wafanyakazi, wala hakurudi nyuma. Mwaka 1950, akiwa rais wa chama hicho, alipata kwa General Motors mkataba wa miaka 5 wenye nyongeza, pensheni na matibabu. Alitamani matibabu yawe haki ya taifa zima; alifariki mwaka 1970 bila ya kuyaona. Viwanda vikahama, watu nao wakahama: Detroit yenye watu 1,850,000 mwaka 1950 ilibakiwa na 714,000 mwaka 2010. Ndugu wafanyakazi, haki iliyofungwa kwenye lango la kiwanda huondoka pamoja na kiwanda.