Abu Bakr Al-Karaji na Maji Yaliyofichika

Katika wanachuoni wa Kiislamu walioitumikia ilimu ya hisabu, mmoja ni Abu Bakr Muhammad bin Al-Hasan Al-Karaji, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikaa Baghdad mwanzo wa karne ya tano ya Hijra, zama za Waziri Fakhrul-Mulk, na kwa jina la waziri huyo akakiita kitabu chake cha aljabri Al-Fakhri. Akatunga na Al-Kafi, kitabu cha hisabu kiwafaacho makarani na wapima ardhi. Kabla yake watu wa aljabri walizoea kutegemea michoro ya handasa. Yeye akaonyesha kuwa hesabu yaweza kusimama kwa kanuni zake yenyewe.

Waziri yule aliuawa mwaka 407 (1016). Al-Karaji akahamia nchi za milima katika Uajemi, na huko, yapata mwaka 1017, akatunga kitabu cha kuyatoa maji yaliyofichika chini ya ardhi. Bwana aliyezoea hesabu za makaratasi hakuona haya kukaa na wachimbaji, kwani kwake hapakuwa na kazi yenye manufaa zaidi kuliko hiyo: kwayo ardhi kavu huamirika na watu wakapata maisha.

Mfereji wa chini kwa chini Waajemi huuita kanati, na watu wa Oman wanao wa namna hiyo, nao huuita falaji. Huchimbwa kisima mlimani hata yapatikane maji. Kisha hupasuliwa njia chini ya ardhi, ikashuka polepole hata itokeze juu kijijini. Hapana gurudumu wala ng'ombe wa kuvuta. Maji huenda kwa mteremko tu. Kwa hiyo siri yote imo katika mteremko. Ukizidi, maji hula sakafu na kuta, na njia humwangukia aliyemo. Ukipungua, maji husimama na tope hujaa. Na fundi aliye ndani, gizani, haoni mlima wala kijiji. Uhai wake na mali ya watu vimo katika kipimo.

Al-Karaji akafundisha kipimo hicho. Husimamishwa miti miwili, ikafungwa kamba baina yake, na katikati ya kamba hutundikwa pembetatu yenye timazi. Timazi isipoangukia alama, ncha moja ya kamba hushushwa au hupandishwa hata ilingane sawa. Tofauti ile huandikwa, miti ikasogezwa mbele. Mashuko hujumlishwa peke yake, na mapando peke yake, kisha hutolewa. Hakuridhika na vyombo vya waliotangulia, bali alibuni vyake: bamba lenye alama za vipimo linalotundikwa, na mrija wa kutazamia.

Kwa mfano, kamba ya dhiraa 30 ikipimiwa mara 100, mwendo ni dhiraa 3,000. Mashuko yakiwa dhiraa 52 na mapando 6, kijiji kiko chini ya mdomo wa kisima kwa dhiraa 46. Maji yakiwa kina cha dhiraa 40, basi yako juu ya kijiji kwa dhiraa 6. Yaani kila dhiraa 500 za mwendo, njia hushuka dhiraa 1. Lakini maji yakiwa kina cha dhiraa 50, yako chini ya kijiji kwa dhiraa 4, na hata wachimbe miaka mingapi hayatatoka. Hesabu ya siku chache huokoa taabu ya miaka.

Wala hakuishia kwenye kuchimba. Alieleza dalili za maji katika milima na mimea, kujengea mifereji isioze, kuisafisha na kuitunza. Na alitaja hukumu za sharia katika harimu ya visima, mtu asichimbe karibu akamkaushia mwenziwe. Kwani maji yaliyotoka kwa dhulma hayana baraka.

Kitabu hicho kilipigwa chapa Hyderabad mwaka 1359 (1940), baada ya miaka zaidi ya mia tisa. Basi asidhani mtu kuwa hisabu ni ya dukani tu. Mwenye kuisoma kwa nia njema akawanywesha watu, hiyo ni sadaka yenye kuendelea, na thawabu zake humfuata kaburini. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwao. Amin.