Henry Tanner, mtoto wa pasta aliyekwenda Paris kujifunza kuchora



Usiku pale interna, siye wa darasa la sita tunazungumza sana habari ya kwenda Ulaya. Maulizo ni yale yale: nani atalipa safari, mtu atalala fasi gani, atakula nini. Habari ya masomo yenyewe haiulizwi sana. Siwacheki, kwani mimi pia nauliza. Ndiyo maana nimechagua kuwaandikia maisha ya mtu mmoja ambaye yale maulizo matatu karibu yalimwua. Jina lake Henry Ossawa Tanner, mchoraji mweusi wa Amerika.

Alizaliwa tarehe 21 ya mwezi wa sita 1859, mjini Pittsburgh. Mama yake Sarah alizaliwa katika utumwa, akatoroshwa kwa ile njia ya siri iliyopeleka watumwa kaskazini. Baba yake Benjamin alikuwa pasta katika kanisa la African Methodist Episcopal, kanisa lililoongozwa na weusi wenyewe, na 1888 akawa askofu. Jina la Ossawa lilitoka Osawatomie, mji wa Kansas ambako John Brown alipigana na watetezi wa utumwa mwaka 1856. Basi mtoto alibeba vita katika jina lake, lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kimya.

Alipokuwa na miaka karibu 13, familia ikiikala Philadelphia, aliona mchoraji akifanya kazi katika bustani kubwa ya mji. Tangu siku ile hakutaka kazi nyingine. Lakini ni baba gani atafurahi kusikia mtoto wake atakula kwa rangi na burashi? Askofu akamweka kwanza kwa rafiki mmoja katika biashara ya unga. Ile kazi ilimwangusha kwa ugonjwa, akakaa nyumbani muda mrefu, na huko nyumbani alifanya nini? Alichora tu. Kiisha akaingia shule ya sanamu, Pennsylvania Academy, kwa mwalimu Thomas Eakins.

1889 alifungua duka la foto Atlanta. Duka likakufa. Akafundisha kuchora ku Clark University, shule ya weusi mle Atlanta, na kwa njia ya Wametodisti akajulikana na Joseph Hartzell na mke wake, wazungu. Hartzell alikuwa karani wa chama cha kanisa kilichosaidia shule za watu waliotoka utumwani. Mwaka 1890 wakamtengenezea maonyesho ya sanamu zake Cincinnati. Watu wakaja, wakaangalia, wakaenda zao. Haikuuzwa hata moja. Basi bwana na bibi Hartzell wakanunua zote pamoja, kwa dola 300.

Hapa nasimama kidogo. Wangeweza kumpa sadaka, naye angeshukuru maisha yake yote na kichwa chini. Walinunua kazi yake, na hivi alipanda mashua kwa feza ya jasho lake. Mimi naona hii ni akili kubwa. Tena huyu Hartzell si mgeni kwetu: 1896 alichaguliwa askofu wa Metodisti kwa Afrika, na ni katika wakati wake John Springer na mke wake Helen walianza kazi ya kanisa hapa Katanga.

Tanner alisafiri mwezi wa kwanza 1891. Alikuwa anakwenda Roma! Paris ilikuwa fasi ya kupita tu. Lakini baada ya siku chache akaona hapa ndipo atabaki, na Roma ikasahauliwa. Akaingia Académie Julian, shule ya mtu binafsi isiyoomba mtihani wa kuingia, na hiyo ilikuwa bahati kwa mtu asiyejua vizuri Kifaransa. Walimu wake walikuwa Jean-Paul Laurens na Benjamin-Constant. Chumba cha masomo kilijaa moshi wa tumbako, madirisha yamefungwa juu ya baridi, na makelele ambayo mtoto wa askofu hakupata kuyasikia kwao.

Feza ilikuwa kidogo, na alihesabu kila sarafu. Wakati wa joto alikwenda Bretagne, Pont-Aven na kiisha Concarneau, sababu maisha kule yalikuwa rahisi na wenyeji walizoea kupokea wachoraji. Kule alichora wale wakulima wa Kifaransa na viatu vyao vya miti. Lakini kubana tumbo kuna mwisho: akashikwa na tifoidi, akalala hospitali Paris, na 1893 ikamlazimu kurudi kwa wazazi kupona.

Mtu mwingine angesema basi, imetosha. Yeye akasema mbele ya mkutano juu ya Afrika kule Chicago, akachora babu mweusi akifundisha mjukuu kupiga banjo (ile sanamu inajulikana dunia nzima), akauza kazi nyingine, na 1894 akarudi Paris. Miaka mitatu tu, na serikali ya Ufaransa ikanunua sanamu yake ya kufufuka kwa Lazaro, iliyopata medali katika maonyesho makubwa ya 1897. Leo iko ku Musée d'Orsay. Ni kaburi ndani ya pango, giza, watu wachache, na mwanga unapiga yule aliyekuwa mfu.

Sasa nifike pale panaponigusa zaidi. 1899 msichana mweusi wa Philadelphia, Meta Warrick, alifika Paris kujifunza kuchonga. Aliagiza chumba kwa barua katika nyumba ya wasichana wa Amerika. Walipoona uso wake, mlango ukafungwa. Ni Tanner aliyemtafutia chumba katika hoteli ndogo. Meta akaendelea, mpaka Rodin mwenyewe akasifu kazi yake.

Mwaka ule ule Tanner alioa Jessie Olssen, mwanamke mzungu wa Amerika, na baadaye wakawa na nyumba Trépied, kijiji karibu na Étaples. William Edouard Scott, kijana mweusi aliyekuja kujifunza, alipokelewa mle karibu 1910, akafanya kazi kando ya mwalimu wake. Wakati wa vita ya 1914-1918 Tanner alitumika na Msalaba Mwekundu, akapanga waaskari waliokuwa wakipona walime mboga. Mwaka 1923 Ufaransa ilimpa Légion d'honneur. Jessie akafa 1925.

Mwaka 1928 kijana mwingine mweusi, Hale Woodruff, alikwenda Étaples kumtafuta. Mzee, mwenye sifa yote ile, alimpokea, akaangalia kazi za mgeni, wakazungumza juu ya mwanga na rangi.

Tanner alikufa Paris tarehe 25 ya mwezi wa tano 1937. Kaburi lake liko Sceaux, kando ya la mke wake.